Ini lenye mafuta: ushauri wa "punguza mafuta" hautoshi

Shangazi yangu alirudi kutoka kwenye upimaji wa bure, huku kwetu Dar es Salaam, akiwa na karatasi moja ya utrasaundi. Chini kabisa pameandikwa kwa kalamu: "Ini lina mafuta." Aliyempa karatasi alimwambia apunguze mafuta, kisha akaita namba inayofuata. Jioni ile ile shangazi akachukua dumu lake la mafuta ya alizeti, lita tano, akampa jirani. Tangu siku hiyo mboga zake ni za kuchemsha. Chai yake ya asubuhi bado ina vijiko vinne vya sukari, na soda ya mchana haijaguswa. Ametii kwa moyo wote kile alichoambiwa, na hilo ndilo linaloniuma.

Jina la ugonjwa huu linapotosha. Mtu akisikia "mafuta kwenye ini" anafikiria kikaango. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulifuatilia mafuta yaliyokutwa kwenye maini ya wagonjwa tisa. Wagonjwa ni wachache, lakini picha ilikuwa wazi: kama asilimia 15 tu ndiyo iliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta waliyokula. Asilimia 26 hivi ini lilitengeneza lenyewe, kazi ambayo hulifanya hasa linapopokea sukari na wanga kupita mahitaji ya mwili. Sehemu kubwa iliyobaki, kama asilimia 59, ilitoka kwenye damu, na nyingi ya hiyo ni akiba ya mwilini, yaani kitambi na mafuta mengine yaliyohifadhiwa. Mafuta ya kula bado yanahesabika, kwa sababu yana nguvu nyingi na mtu hunenepa nayo. Ila kumwambia mtu aache mafuta na kunyamazia sukari ni kumpa nusu ya ushauri, tena nusu iliyo ndogo.

Kuna aibu pia. Majirani waliposikia habari za ini, walidhani ni pombe, na shangazi hajawahi kuionja maishani. Mwaka 2023 wataalamu wa ini wa nchi mbalimbali walibadilisha jina la Kiingereza la ugonjwa huu, wakaondoa maneno yanayotaja pombe na mafuta, wakaufungamanisha na hitilafu za umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia chakula: unene, kisukari, shinikizo la damu. Sisi bado tuna jina lile lile.

Sasa swali ni serikali na hospitali zifanye nini. Wapo wanaotaka upimaji upelekwe kila mahali, na hoja yao ina uzito. Inakadiriwa kuwa watu wazima kama 30 kati ya kila 100 duniani wana hali hii, na wengi hawahisi chochote. Ini huvumilia miaka mingi. Wachache ambao ini lao hupata makovu hadi kufikia sirosisi, yaani ini kukakamaa kwa makovu, mara nyingi hufika hospitali tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya njano, wakati ambapo mengi hayarudi tena. Aliyemuuguza mtu wa namna hiyo hawezi kudharau wito wa kupima mapema.

Lakini tupime nini, na baada ya hapo iweje? Utrasaundi inaonyesha mafuta. Haimwambii mtu kwa uhakika kama ana makovu, na makovu ndiyo yanayoua kupitia ini. Kukiwa na watu mia kwenye foleni, tutatoa karatasi thelathini za hofu, na wauza dawa za "kusafisha ini" wanazisubiri nje ya geti. Baadhi ya mitishamba hiyo huliumiza ini lenyewe. Dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani mahsusi kwa hatua kali ya ugonjwa huu ilipitishwa Machi 2024, kwa bei ya zaidi ya dola 47,000 kwa mwaka. Mtaani kwetu hiyo si tiba ya kuzungumzia.

Ninachokiunga mkono ni upimaji unaochagua. Kliniki za kisukari na presha zipo tayari, na kwa makadirio ya dunia zaidi ya nusu ya wenye kisukari cha aina ya pili wana ini lenye mafuta. Kuna hesabu iitwayo FIB-4 inayotumia umri, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani (zile zinazogandisha damu), vipimo ambavyo maabara nyingi za hospitali hufanya. Matokeo yakiwa chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Kwa vijana na wazee hesabu hii hukosea zaidi, kwa hiyo daktari bado anahitajika. Shangazi ana presha na huenda kliniki kila mwezi. Hakuna aliyemfanyia hesabu hiyo.

Upande wa pili unasema kupima ni kukausha sakafu bomba likiwa wazi, tuanze na chakula. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Chupa moja imeshapita hizo 25. Afrika Kusini ilianza Aprili 2018 kutoza vinywaji kwa kila gramu ya sukari inayozidi nne katika mililita mia, na viwanda vikapunguza sukari kwenye mapishi yao. Faida ikamfikia hata asiyejua kwamba ana ini.

Wanaopinga kodi kama hiyo nao wasikilizwe. Dereva wa bodaboda aliyeshinda juani hununua soda kwa sababu ni ya baridi, iko kila kona na humpa nguvu ya haraka. Yeye ndiye atakayeisikia kodi kabla ya mwenye gari. Wakulima wa miwa wa Kilombero na Mtibwa wana watoto wa kusomesha. Tena juisi ya miwa ya barabarani haina lebo wala risiti, na sukari ya chai haiguswi na kodi ya soda.

Wengine wanauliza kwa nini tuhangaike na mafuta wakati homa ya ini B na sumukuvu kwenye mahindi na karanga ndivyo vinavyoleta saratani ya ini Afrika. Ni kweli, na chanjo ya homa ya ini haifai kupunguziwa hata shilingi. Lakini ini ni lile lile moja. Mwenye virusi akiongezewa unene na kisukari, hatari yake ya saratani inapanda.

Kwa hiyo fedha ikiwa kidogo, ningeanza na kodi inayohesabu gramu za sukari badala ya lita, ili kiwanda kipate sababu ya kupunguza, na mapato yake yapeleke maji salama ya kunywa shuleni na kwenye vijiwe vya bodaboda. Utrasaundi za viwanjani zingesubiri. Na wanaoendelea nazo wabadilishe ile karatasi. Waandike soda, sukari ya chai, sahani ya wali, kutembea. Waandike kwamba kupunguza asilimia saba hadi kumi ya uzito kunaweza kutuliza ini: kwa mtu wa kilo 80, ni kilo sita hadi nane. Maneno hayo yanaenea kwenye nusu ukurasa.