Majaji wa London na risasi mbili za Kuruma

Kuna mabeshte wangu, korti zetu zikitoa uamuzi wasioupenda utawasikia eti afadhali zamani, rufaa ilikuwa inaenda mpaka London. Mimi huwauliza tu, mnamjua Kuruma?

London yenyewe ni ile kamati ya majaji ya Privy Council, baraza la washauri wa mfalme. Watu wa makoloni wakionewa walikuwa wanamwandikia mfalme, na 1833 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba hayo malalamiko yasikizwe na majaji. Na mpaka leo kwenye makaratasi hawahukumu, wanamshauri mfalme kwa unyenyekevu, na sababu ushauri ni mmoja, jaji aliyepinga wenzake alikuwa anameza tu maneno yake hadi 1966 ndio wakaruhusiwa kuandika maoni tofauti. Huku kwetu ukishindwa kwa Korti ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ngazi iliyobaki ilikuwa hiyo, kama una pesa ya wakili wa huko lakini.

Sasa Kuruma. Ni wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni hapa Kenya miaka ya 50, jamaa yuko kwa baiskeli anaenda kwao, na kuna njia nyingine haina kizuizi lakini yeye akapita penye polisi. Wakamsachi, wakasema wamempata na risasi mbili na kisu kidogo, na kupatikana na risasi siku hizo ni kunyongwa. Sheria ilitaka msako ufanywe na afisa wa cheo cha inspekta msaidizi kwenda juu, hawa walikuwa chini ya hapo. Kisu hakikuletwa kortini. Wazee watatu wa baraza waliomsaidia hakimu wakasema hana hatia, hakimu akamfunga kitanzi vilevile. London, jaji Lord Goddard akasema ushahidi ukihusu kesi unakubalika, korti haina haja na vile ulipatikana. Rufaa ikatupwa, halafu hao hao majaji wakasema kuna mambo kwa kesi yanawatia wasiwasi so watamwambia waziri wa makoloni. Yaani una wasiwasi, mtu anakufa, na wewe ndio korti ya mwisho!

Sikatai, kuna mazuri wamefanya. 1993 kwa kesi ya Pratt na Morgan wa Jamaica walisema kumkalisha mtu zaidi ya miaka 5 akingoja kamba ni unyama, wengi wakapona. Mauritius hapo jirani bado wanapeleka rufaa kwao, wameridhika, sawa.

Lakini kwa swala la Kuruma sisi tulikaa na hiyo sheria miaka na miaka, wanafunzi wa sheria wanaikariri, polisi wanaifurahia, mpaka Katiba ya 2010 ibara ya 50(4) ikasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utupwe kama utafanya kesi isiwe ya haki ama utaharibu utoaji wa haki. Hiyo tuliandika wenyewe, huku huku.