Njia ya Darajani ni ya nani?

Jioni moja pale Darajani, sokoni mjini Unguja, nilimwona mzee mwenye fimbo nyeupe akipapasa kando ya barabara. Fimbo iligonga rundo la viatu vya mitumba, ikagonga vespa iliyoegeshwa, ikagonga meza ya matunda. Akateremka barabarani, daladala zinapita. Mwenye meza akaiacha biashara yake, akamshika mkono, akamvusha. Aliyemziba njia ndiye aliyemwokoa, na ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema dawa ni kuwafukuza wachuuzi.

Barabara hii ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado tunaiita Creek Road, imepita palipokuwa na mkondo wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Daraja la kuvuka mkondo huo ndilo lililopaachia jina la Darajani. Leo kilichojaa hapo ni magari, na daraja hatuna. Wanaotaka njia irudishwe kwa waendao kwa miguu wana hoja nzito. Bustani ya Forodhani, pale ufukweni Mji Mkongwe, ilifunguliwa upya mwaka 2009, na hadi leo familia hwenda kupunga upepo, vijana wakijirusha baharini mbele ya umati. Watu wakipewa pahala, wanakuja.

Lakini msikilize na mkaazi wa Sokomuhogo, ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Mama akizidiwa usiku, vespa ndiyo gari lake la wagonjwa. Duka nalo linataka mchele, na hamali ana mgongo mmoja. Tena wapo wanaohofu kuwa njia ikishafungwa magari, itajaa viti vya mikahawa ya watalii, na mwenyeji abaki mpita njia mtaani kwake. Hofu hiyo naiona ya kweli.

Kuna jambo halisemwi sana. Tunajisifia baraza zetu, zile sehemu za kukaa nje ya nyumba, kwamba sisi tunajua kukaa njiani tangu zamani. Nenda Jaws Corner, kijiwe cha kahawa Mji Mkongwe, jioni: kahawa, dhumna, siasa, na waliokaa ni wanaume. Mwanamke anapita, hakai. Ukipanga njia kwa kufuata waliokwishakaa, umeshamwacha nje yeye, na mtoto, na mwenye kiti cha magurudumu.

Mimi ningeanzia Michenzani, kule Ng'ambo, si Mji Mkongwe. Chini ya yale maghorofa marefu ya miaka ya 1970 barabara ni pana na ardhi ipo. Kinachokosekana ni kivuli, taa, choo safi na kivuko ambacho mtoto wa skuli atavuka bila kukimbia. Darajani kwenyewe, magari ya mizigo yashushe alfajiri, na wachuuzi wachorewe mstari baada ya kukaa nao na kukubaliana. Meza zirudi nyuma mita moja na nusu tu. Fimbo ya yule mzee haihitaji zaidi ya hapo kumfikisha marikiti.