Corona: soko kuwa wazi na takwimu kuwa wazi

Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa Kenya Machi 13, 2020, na Tanzania Machi 16. Nchi zote mbili zilifunga shule ndani ya siku chache. Baada ya hapo kila moja ikashika njia yake, na njia hizo zilichorwa zaidi na siasa kuliko na kirusi.

Rais Magufuli alisimamia kujitegemea na kuchapa kazi: mama ntilie anayekula alichouza leo hafungiwi ndani. Hoja hiyo ina uzito, na waliomkejeli wakiwa katika nchi zenye fedha za kuwalipa watu wakae nyumbani hawakuitendea haki. Serikali ya Uhuru Kenyatta iliwasikiliza wataalamu wa afya, lakini utekelezaji ikawakabidhi polisi. Jioni ya kwanza ya kafyu, Machi 27, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, abiria waliokuwa wakiwahi nyumbani walipigwa virungu na mabomu ya machozi. Walibanana wakikohoa na kujifuta macho, yaani kile kile ambacho kafyu ilitungwa kukizuia.

Hata hivyo, kuacha soko wazi hakumlazimishi mtu kufunga takwimu. Hesabu ya Tanzania ilikoma mapema Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Mei 3 Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, zimeonyesha corona.

Tuseme maabara ilikosea kweli. Kipimo cha PCR, kilichotumika kutafuta corona, hukuza vinasaba mara mamilioni, hivyo uchafu kidogo kutoka sampuli ya jirani unatosha kuleta jibu la uongo. Ndiyo maana kila awamu ya upimaji huwekewa sampuli isiyo na kirusi. Hiyo ikionyesha kirusi, majibu ya awamu nzima hutupwa, vitendanishi (kemikali za kupimia) hubadilishwa, kazi hurudiwa. Dawa ya kosa hilo ipo ndani ya maabara. Kunyamazisha takwimu hakulirekebishi, na kunamwacha mganga mkuu wa mkoa akigawa mitungi ya oksijeni kwa kubahatisha.

Aprili 2021 Rais Samia alitangaza kuunda kamati ya wataalamu, nayo ikashauri takwimu zirudi. Julai 28 alichanjwa hadharani, na chanjo ikabaki hiari. Masoko hayakufungwa.