Chokoleti kwenye joto la Dar: nani alipie baridi?

Soko la chokoleti Dar es Salaam huchangamka wakati mbaya kuliko wote. Krismasi, Mwaka Mpya na Siku ya Wapendanao zote huangukia ndani ya kaskazi, miezi ambayo joto la jiji hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na ndani ya duka la bati ni zaidi ya hapo. Siagi ya kakao, mafuta yanayoipa chokoleti utamu wake wa kuyeyuka, hulainika kwenye nyuzi 34 hivi. Ulaya hiyo ni sifa: kipande kigumu mkononi, laini mdomoni. Kwetu rafu ya duka nayo ni mdomo.

Ndiyo maana wafanyabiashara wa bidhaa hii wamegawanyika. Wapo wanaosisitiza chokoleti halisi, iletwe kwa kontena la friji na itunzwe kwenye nyuzi 15 hadi 18 mpaka imfikie mteja. Wengine wanaona huko ni kujitafutia hasara. Bora kuleta zile zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea, hasa ya kokwa za mchikichi, ambazo zinastahimili joto na bei yake ni ya chini.

Hoja ya kundi la kwanza ni ladha, na hapo siwapingi. Mwaka 1937 jeshi la Marekani liliiagiza kampuni ya Hershey chokoleti ya dharura isiyoyeyuka ovyo, na mwaka 1943 ikatoka nyingine kwa ajili ya nchi za joto, iliyohimili nyuzi 49 kwa muda wa saa moja. Ilihimili kweli, lakini askari hawakuipenda. Kisichoyeyuka dukani hakiyeyuki vizuri mdomoni pia, na kiwanda hakina ujanja mkubwa wa kulikwepa hilo.

Kinachowaangusha ni safari. Baharini mzigo uko salama, ingawa gharama iliongezeka tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Balaa huanza mzigo ukishatoka ghala la jumla. Unapakiwa kwenye Kirikuu, kipikapu kidogo, unafunikwa turubai, unazungushwa Kariakoo mpaka Mbagala saa saba mchana. Mwenye duka akiupokea anautia kwenye friji ya soda, yenye baridi kali kuliko inayotakiwa. Mteja akikitoa kipande kwenye hewa ya unyevu ya Dar, kinatoka jasho. Maji yanayeyusha sukari ya juu, yakikauka yanaacha weupe unaokwaruza kidole. Kikiwa kiliyeyuka kikaganda tena, weupe wake ni wa mafuta, ukiusugua kwa kidole unapotea. Chokoleti ya namna hiyo kwa kawaida haina madhara, ila nenda kamweleze hivyo mama aliyemnunulia mwanawe. Kwake imeota ukungu, arudishiwe hela yake. Msambazaji naye mara nyingi harudi kuchukua kilichoharibika: mzigo ukishashushwa, ni wako.

Kwa hiyo kwa duka la Mangi, lile dogo la mtaani, mimi nipo na kundi la pili. Kaki iliyopakwa mafuta ya mimea na unga wa kakao inakaa kaunta bila friji, mtoto anainunua kwa sarafu, na umeme ukikatika hakuna anayepata presha. Kuidharau ni kujikweza tu. Hata Uingereza, kakao ilipopanda na kupita dola 12,000 kwa tani Desemba 2024, mtengenezaji wa biskuti za Penguin na Club alipunguza kakao mpaka mwaka 2025 zikalazimika kuandikwa kuwa zina ladha ya chokoleti tu.

Na hapo kwenye kuandikwa ndipo ninapotofautiana nao. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinataka chokoleti isiyo ya maziwa iwe na kakao isiyopungua asilimia 35, siagi yake isipungue asilimia 18, na mafuta mengine ya mimea yasizidi asilimia 5. Kwenye rafu zetu kuna pakiti za Kituruki na Kiarabu ambazo mnunuzi hana namna ya kujua yaliyomo. Udhibiti wa chakula uko Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, na lebo ya Kiswahili isomekayo si jambo kubwa la kumdai mwagizaji.

Wengine watauliza kwa nini tuagize wakati kakao iko Kyela na Kilombero. Swali zuri kwa jukwaa la siasa. Kiwanda cha ndani hupunguza wiki za baharini, lakini Kirikuu ni kile kile na jua ni lile lile. Kenya ilikuwa na kiwanda cha Cadbury Nairobi, mji wenye hali ya hewa ya ubaridi, na uzalishaji wake ukafungwa 2014. Bidhaa zikaanza kuagizwa kutoka nje, Misri ikiwemo. Kama ni kuongeza thamani, ningeanza na unga wa kakao wa kunywa, usiohitaji friji.

Kampuni za soda zilishalitatua suala la baridi: zinamkopesha mwenye duka friji yenye nembo yao, yeye analipa umeme wa LUKU. Waagizaji wa chokoleti wangeweza kuiga, ila hesabu haifanani. Soda inaisha kreti kwa kreti, friji inajilipa. Chokoleti halisi kwa Mangi inaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Masaki na Oysterbay hilo linawezekana, pamoja na supamaketi zenye kiyoyozi. Kwingineko ningeipeleka halisi wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, na ikifika Novemba ningeacha kaki zishike kaunta.