Fremu ya Kaboni Ichaguliwe kwa Viungo Vyake

Watu wanaonijia kwa ushauri kabla ya kuagiza fremu ya kaboni kutoka China au Taiwan, ili wajiundie baiskeli ya milimani, huanza karibu wote na swali la uzito, nami huwajibu kwamba hilo liwe swali lao la mwisho. Fremu ya kaboni ya kimo cha kati, isiyo na springi ya nyuma, huwa na kilo moja na robo hivi, na ya alumini iliyoundwa vizuri huwa kati ya kilo moja na nusu na mbili. Faida yenyewe, basi, ni kati ya robo kilo na robo tatu ya kilo, na mpandaji huibeba tena mara tu anapojaza chupa ya maji kabla ya kupanda kutoka Mbale kwenda Sipi. Kinachoamua kama baiskeli hiyo itakuwa bado inatembea baada ya misimu kadhaa ya mvua ni viungo vya fremu: tundu la krenki (mikono inayoshika pedeli), kichwa cha usukani, nafasi ya ekseli ya nyuma, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia. Hapa Uganda, kiungo kisicho na kipuri huifanya fremu bora kabisa iwe pambo la ukutani.

Sisemi hivyo kwa kuidharau kaboni, kwa maana naipenda na ninaipanda. Mtengenezaji hupanga tabaka za nyuzi za kaboni zilizolowekwa resini ya epoksi, kila tabaka kwa mwelekeo wake, kisha huzioka ndani ya kalibu kwa joto na shinikizo. Kwa njia hiyo anaweza kuifanya sehemu ya krenki iwe ngumu, isiyopinda chini ya mguu, na mirija inayopanda kuelekea kwenye tandiko iwe na unyumbufu kiasi. Kwenye barabara ya murram iliyojaa makunyanzi, tofauti hiyo mtu huisikia mgongoni. Hata hivyo nyuzi hizo zina nguvu kwa urefu wake tu. Zikibanwa ubavuni au zikigongwa na ncha ya jiwe, tabaka zaweza kuachana ndani kwa ndani huku rangi ya nje ikionyesha mkwaruzo mdogo, na dalili ya pekee ikawa ni sauti butu unapogongagonga mahali hapo kwa sarafu. Fremu ya chuma iliyopasuka huchomelewa Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, siku hiyo hiyo; ya kaboni hutaka kuparuzwa, kuwekewa tabaka upya kwa mwelekeo sahihi na kukaushwa kwa joto linalopimwa, na mchomeleaji hana vifaa vya kazi hiyo.

Nianze na krenki, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Ziko fremu ambazo tundu lake la krenki lina meno ya skrubu ya mtindo wa zamani wa Kiingereza, upana wake milimita 68 au 73, na ziko nyingine ambazo tundu lake ni laini na vikombe vya beringi hushindiliwa ndani kwa nguvu. Wauzaji husifu mtindo wa kushindilia, kwa sababu humpa mtengenezaji nafasi ya kuweka mirija mipana zaidi na kupunguza uzito. Lakini tundu la kaboni lisipokuwa duara kamili, au upande mmoja usipolingana sawasawa na mwingine, vikombe hucheza kidogo, vumbi na maji huingia, na baiskeli huanza kulia kila pedeli inapokandamizwa. Kuvitoa vikombe hivyo na kuvirudisha kunahitaji kifaa maalumu cha kila kazi; palipo na nyundo peke yake, kaboni ndiyo inayoumia. Meno ya skrubu, kwa upande mwingine, yamo katika baiskeli nyingi za mitumba zinazoletwa kutoka Ulaya na Japani, na fundi aliyezizoea hahitaji kuambiwa kwamba kikombe cha upande wa mnyororo hukazwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Mimi singenunua fremu ya tundu laini hata kama bei yake ingeshushwa nusu.

Beringi za usukani zina mtego wake. Katika fremu nyingi za siku hizi beringi hukaa moja kwa moja ndani ya kaboni, na beringi ya juu yenye kipenyo cha milimita 41 haiwezi kukaa mahali pa ile ya milimita 41.8, ingawa kwa macho zinafanana kama pacha. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe muuzaji mchoro wenye vipimo vyote, autunze pamoja na karatasi zake nyingine muhimu, kwa sababu beringi itakapochakaa huenda fremu hiyo ikawa haiuzwi tena popote. Habu, yaani vitovu vya magurudumu, nazo nazichagua zenye beringi za namba za kawaida za viwandani, kama 6902, ambayo vipimo vyake ni milimita 15 kwa 28 kwa 7. Muuza beringi za mashine akionyeshwa namba hiyo hana haja ya kujua chochote kuhusu baiskeli.

Kishikizo cha kibadilisha gia kimeumbwa kipinde au kivunjike ili fremu isalimike, na katika njia za mawe kitavunjika siku moja, hilo halina shaka. Zamani karibu kila fremu ilikuwa na umbo lake la kishikizo. Mwaka 2019 kampuni ya SRAM ilitoa kishikizo cha pamoja ambacho watengenezaji wengi wamekikubali, na fremu inayokipokea, yenye ekseli ya nyuma ya milimita 12 kwa 148, ndiyo ninayoipendekeza kwa kila anayeishi mbali na maduka makubwa ya baiskeli, yaani sisi sote.

Kuhusu magurudumu, jambo moja huwashangaza wengi. Tairi ya baiskeli ya milimani ya inchi 29 hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 622, lakini zile baiskeli kubwa nyeusi zinazobeba matoke na magunia ya mkaa hutumia tairi ya inchi 28 ambayo rimu yake ni ya milimita 635. Kwa hiyo tairi inayouzwa katika kila kituo cha biashara kijijini haitakufaa, na safari ya mbali inakulazimu ubebe tyubu zako mwenyewe pamoja na kipande cha kuzibia tairi iliyochanika. Bado naona ukubwa wa inchi 29 unastahili, maana hupita juu ya mawe ya Kapchorwa kwa utulivu ambao inchi 26 haina. Ila rimu ziwe za alumini, zenye spoku 32 za kichwa cha kawaida kilichopinda: rimu ya alumini iliyoyumba hunyooshwa, na spoku iliyokatika hubadilishwa chini ya mti.

Breki za mafuta nazo zataka kufikiriwa kwa upatikanaji. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na breki nyingi za SRAM hutumia DOT 5.1 na hukubali DOT 4, ambayo ndiyo mafuta ya breki za magari na utaipata Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala, bila kuhangaika. DOT huharibu rangi na hunyonya unyevu, kwa hiyo haina budi kubadilishwa mara kwa mara. Lakini kwangu mimi kinachopatikana kina ubora wake. Aina hizo mbili zisichanganywe kamwe, kwani raba za ndani huvimba na breki hushindwa mteremkoni.

Katika kukaza boliti, spana ya kupima nguvu si anasa. Kibano cha nguzo ya tandiko hukazwa kwa kiasi cha nyutoni-mita 5 (kipimo cha nguvu ya kukazia), na nguzo yenyewe, ikiwa ni ya kaboni, hupakwa dawa yenye chembechembe za kushikilia badala ya grisi. Vikombe vya krenki vya Shimano, kinyume chake, hutaka nyutoni-mita 35 hadi 50. Mkono wa mtu, hata uwe umezoea kiasi gani, hauwezi kukisia tofauti hizo kwenye kitu ambacho hakipindi kwanza ndipo kivunjike. Ninapompelekea fundi kazi, huipeleka na spana hiyo, nikamwambia, "Mzee wangu, hapa tusipite tano," naye huiheshimu kuliko nilivyotarajia. Mafundi wetu wana mikono mizuri sana. Kinachokosekana ni kifaa na karatasi ya vipimo, na mwenye baiskeli anaweza kuvileta vyote viwili.

Nisisahau usafiri na matope. Baiskeli ikipandishwa juu ya basi na kufungwa kwa mpira wa tyubu uliokazwa kwenye mrija wa juu, ukuta mwembamba wa kaboni unabanwa pale usipoundwa kubanwa. Ifungwe kwa nguzo ya tandiko na magurudumu. Na udongo wa volkano wa mlima Elgon, ambao wakati wa mvua hunata kati ya tairi na mirija ya nyuma, husaga kaboni kama msasa. Fremu yenye nafasi finyu kwa tairi haifai huko, hata ipambwe kwa rangi gani.

Kwa upande wa ununuzi, fremu isiyo na jina si kosa, ila fremu iliyobandikwa jina la kampuni kubwa kwa bei isiyoeleweka ni ya kuikimbia. Muuzaji aulizwe ripoti ya jaribio la ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli. Thamani iandikwe kwa ukweli kwenye karatasi za forodha, na bajeti ihesabu mapema VAT ya asilimia 18 pamoja na ushuru na gharama za wakala.

Pendekezo langu kwa wenzangu ni kwamba tuache kununua kila mtu kivyake. Wapandaji kadhaa wa Jinja, Mbale na Kampala wakikubaliana juu ya fremu zenye viungo vya aina moja, wanaweza kuagiza kifurushi kimoja cha akiba: vishikizo vya gia, vikombe vya krenki, beringi za usukani za juu na za chini, ekseli moja ya nyuma, na kifaa cha kunyooshea kishikizo. Kifurushi hicho kiwekwe kwa fundi mmoja anayeaminika katika kila mji, pamoja na mchoro wa vipimo uliochapishwa, na atakayetoa kipuri humo alipie kingine kabla agizo linalofuata halijatumwa.