Majani Matano

Kikundi chetu cha bustani kina watu tisa, majembe matatu na mtaalamu mmoja, naye ni Bibi. Kipande chenyewe kipo nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, hapa Dar es Salaam. Zamani kilikuwa jalala. Tulisomba taka Jumamosi nyingi, tukafukua viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Wa kulia sijui walikwenda wapi. Sasa kuna matuta ya mchicha, chainizi na matembele, bamia pembeni. Mwenye shida na mboga ya jioni anachuma, sisi tunamwagilia kwa zamu. Malipo hakuna.

Mimi nilijiunga baada ya daktari kuniambia niachane na kiti. Kilimo sikijui. Shuleni nilichapwa kwa kupalilia mahindi nikaacha magugu. Kwa hiyo nilipewa cheo cha kubeba ndoo.

Jumatano moja, zamu yangu, nikafika hadi tuta la mwisho, nyuma ya viroba vya matembele. Miche imefika magotini, imeshiba kweli kweli. Na kila kikonyo kimebeba jani lililochanuka vidole vitano.

Nikainama. Nikalishika: linanata. Nikanusa: harufu kali. Jani lile nimeliona sana kwenye fulana za madereva bodaboda. Kwenye fulana huwa vidole saba, lakini nikajisemea, haya bado machanga.

Bangi! Nyuma ya ofisi ya serikali! Nikamkumbuka katibu wetu, kijana mwenye rasta, jinsi anavyolimwagilia lile tuta taratibu kama anamwogesha mtoto. Nikaona nisimwambie mtu. Nitakiokoa kikundi peke yangu, kimya kimya.

Saa tano usiku nilirudi na kiroba cha salfeti. Nikang'oa tuta zima, mizizi na udongo wake, nikakitupia kiroba mgongoni. Sijafika hata kona ya pili, tochi ikanipiga usoni. Ulinzi shirikishi.

"Mzee, saa hizi umebeba nini?"

Ningesema mboga, ningelala kwangu. Lakini mimi ni mtu mkweli.

"Vijana wangu, hii ni bangi. Ila si yangu."

Mmoja akafungua kiroba, akamulika. "Mbona kama mboga?"

Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. "Mboga? Hebu hesabu majani!" Nikamshika mkono, nikamhesabia mwenyewe, moja hadi tano. Alianza kuyumba hapo kwenye tatu. Kwenye tano akapiga filimbi.

Nililala kwenye benchi la ofisi, mimi na mbu. Kiroba kiliwekwa juu ya meza, kikabandikwa karatasi: KIDHIBITI. Asubuhi mwenyekiti akaja, akachungulia, akajikuna kichwa. Mtoto wa mjini kama mimi. Akaagiza katibu aitwe. Kijana akafika, akatazama ndani ya kiroba, akaziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakimtikisika.

"Lia tu," nikamwambia, "lakini useme ukweli."

Ndipo akaingia Bibi, ungo mkononi.

"Shikamoo, bibi," tukasema wote.

"Marahaba. Nani kaning'olea mgagani wangu?"

Nilimsikia mbu mmoja tu, yule aliyebaki na mimi tangu usiku.

Bibi akachomoa jani kwenye kidhibiti, akalitia mdomoni, akatafuna bila haraka. Kisha akaninyooshea la pili. "Jani la bangi pembeni lina meno kama msumeno. Hili lina meno ya namna hiyo?"

"Halina, bibi."

"Na haya maua meupe hukuyaona?"

"Kulikuwa na giza, bibi."

"Na ile jioni ulipokuwa unamwagilia?"

Hapo katibu alitoka nje. Tulimsikia akicheka mpaka barabarani.

Kumbe mbegu zile Bibi alizitoa kwao Shinyanga, amezifunga kwenye pindo la kanga. Sikupelekwa popote. Nilipewa ungo. "Mboga ikishang'olewa haingoji," akasema, nikachambua kiroba kizima pale pale kwenye benchi, walinzi wangu wawili wakinisaidia. Akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, akaunga kwa karanga. Saa saba mchana kidhibiti chote kilikuwa kimeliwa kwa ugali, na yule aliyepiga filimbi aliongeza sahani mara mbili.

Bibi alinipimia mbegu nyingine kwenye kizibo cha soda, nikapanda tuta upya mwenyewe. Zimeota vizuri. Wiki iliyopita nimekuta katibu amechomeka kibao mbele yake, maandishi makubwa ya rangi nyekundu: MBOGA.

Matuta mengine hayana kibao.