"Usizae tena": neno la daktari, na mlango uliokuwa wazi

Wifi yangu wa Mpwapwa alipoletwa Dodoma mjini, mimba ilikuwa na wiki 26 na alikuwa analala kwa mito mitatu. Kijijini walimwambia ni mambo ya ujauzito, mtoto kampanda juu. Kipimo cha eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha valvu ya moyo, yaani mlango unaopitisha damu, imebana, kovu la homa ya baridi yabisi ya utotoni iliyoanza na koo lisilotibiwa. Kwenye kliniki moja, siitaji, bingwa alisoma ile karatasi, akamtazama: "Nani alikuruhusu kubeba mimba?" Kisha, mlango uko wazi na mama mkwe kasimama pale pale: "Ukitoka salama, usizae tena."

Sitaki kumwonea daktari. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na mzigo huo huwa umeukalia moyo sawasawa kwenye wiki ya 28 hadi ya 32. Valvu ikiwa imebana, damu inarundikana nyuma yake na mapafu yanaanza kujaa maji. Wala mtoto akishalia si kwamba mambo yamekwisha. Saa za kwanza baada ya kujifungua ni za hatari mno, maana damu iliyokuwa inakwenda kwenye mfuko wa uzazi inaurudia moyo kwa mkupuo. Shirika la Afya Duniani lina madaraja manne ya hatari hii, na la nne ni la wanaoshauriwa wasibebe mimba kabisa, wakiwamo wenye valvu ya mitro, ile iliyo kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, iliyobana sana. Daktari aliyewahi kumpoteza mama aliyejifungua usiku wa manane harembi maneno. Wapo pia wanaosema mgonjwa akibembelezwa hasikii, mwakani anarudi na tumbo jingine. Mara nyingine ni kweli.

Lakini wifi alisikia nini? Alisikia hukumu. Wiki tatu hakukanyaga kliniki, na vidonge vya kupunguza maji akaviacha. Mama mkwe naye akasikia lake: mke wa mwanangu hazai tena, na aliyenaye ni binti mmoja. Jioni ile ushauri wa tiba ulishakuwa kikao cha ukoo.

Tena lile neno lenyewe ni nusu ya ushauri. Asizae kwa njia ipi? Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, hivyo mgonjwa wa namna hii huelekezwa kwenye kipandikizi au kitanzi. Hakuna aliyemwambia. Wala hakuambiwa kwamba baadhi ya valvu zilizobana hupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, hata mama akiwa mjamzito, na kwamba baada ya hapo jibu la kuzaa linaweza kubadilika. Mwenye valvu ya chuma aliyowekewa ana mtihani wake: warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inailinda valvu, lakini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Huyo anahitaji mazungumzo kabla hajashika mimba.

Utetezi unaosikika zaidi ni foleni, nao una uzito. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma, imewapunguzia wengi wa kanda hii safari ya kilomita 450 hivi kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ila mabingwa wa moyo nchini bado ni wachache na wagonjwa ni wengi. Dakika tano kwa mgonjwa, utaeleza nini? Sawa. Ila kufunga mlango hakuchukui hata dakika moja, na lile swali la "nani alikuruhusu" lilizila sekunde ambazo zingetosha kutaja kitanzi.

Aliyemrudisha wifi ni mkunga. Alipiga simu, akaomba aje na mama mkwe, akawakalisha wote wawili na kuongea nao Kigogo. Nyuma ya karatasi akachora mlango unaofunguka nusu na watu wamesongamana nje. Mama mkwe aliutazama mchoro, akauliza swali moja tu: "Hauwezi kufunguliwa?"

Mtoto sasa anatambaa. Sindano ya wifi ya penisilini, ya kuzuia ile homa isirudi, ni kila baada ya wiki nne, na tarehe anayeikumbuka ni bibi. Ameizungushia wino mwekundu kwenye kalenda iliyoko nyuma ya mlango wa jiko. Habari ya mjukuu wa kiume bado anaiuliza, ila siku hizi anamuuliza mkunga.